Nyoka na hamsta chumba kimoja: mzazi, kabla hujasema ndiyo

Kwa mzazi aliyekulia Tanga au Kisumu, nyoka akionekana ndani ya nyumba kinachofuata ni fimbo na kelele za majirani. Mtoto wake anayesoma Leicester au Minneapolis analiona jambo hilohilo kwa jicho jingine. Huko nyoka anauzwa dukani pamoja na sanduku lake la kioo na taa yake ya joto, na rafiki wa darasani anaye. Siku moja ombi linafika mezani. Mara nyingi linafika wakati chumbani kwa mtoto tayari kuna hamsta, yule panya mnene mwenye kimkia kifupi, anayekimbia kwenye gurudumu lake usiku kucha.

Mtoto huwa ameshajiandaa kwa hoja: kila mmoja atakuwa na sanduku lake, hawatagusana, kuna tatizo gani?

Tatizo lipo, na wala halianzi pale nyoka anapotoroka. Lakini tuanze hapo, maana ndipo hofu ya kila mzazi ilipo.

Nyoka wanaofugwa sana nyumbani ni wawili. Mmoja ni nyoka wa mahindi, mwekundu mwenye mabaka, asili yake kusini mashariki mwa Marekani. Mwingine ni chatu mdogo wa Afrika Magharibi, anayetoka nchi kama Ghana, Togo na Benin, ambaye akiogopa hujiviringisha kama mpira na kuficha kichwa katikati. Wote wawili hawana sumu. Wote wawili chakula chao ni panya.

Nyoka wa mahindi anajulikana kwa utoro. Panapopita kichwa chake, mwili unafuata, na kifuniko kilichowekwa juu bila lachi hukisukuma kwa pua usiku mzima mpaka kiachie. Kizimba cha hamsta nacho ni nondo nyembamba zenye nafasi katikati. Nyoka mchanga huingia, humeza, kisha tumbo limetuna na hawezi tena kupita alikoingilia. Asubuhi mtoto anamkuta amelala ndani ya kizimba cha rafiki yake. Hakuna maelezo ya mzazi yatakayofuta picha hiyo haraka.

Komeo zuri linazuia hilo. Harufu haizuiliwi na komeo.

Pua ya pili

Nyoka akitoa ulimi na kuurudisha anakusanya chembe za harufu hewani, na kuzipeleka kwenye kiungo kidogo kilichoko juu ya kaakaa. Kwa kiungo hicho anajua panya amepita wapi. Wachache wanajua kwamba panya naye ana kiungo cha aina hiyohiyo, ndani ya pua, na hamsta vilevile.

Mwaka 2010 watafiti wa taasisi ya Scripps, California, walichapisha matokeo ya jaribio la panya wa maabara. Panya hao walizaliwa na kukulia ndani, hawajawahi kumwona nyoka wala paka. Waliponusishwa harufu ya nyoka, ya paka na ya panya buku, waliingiwa na woga na kukaa mbali. Wenzao ambao kiungo kile hakikufanya kazi hawakujali. Kwa maneno mengine, woga huo hawakufundishwa na mtu. Wanazaliwa nao.

Sasa mfikirie hamsta. Porini akinusa nyoka hukimbia akaingia shimoni, na hatari ikipita anatoka. Chumbani hana pa kukimbilia na harufu haipiti. Iko pale Jumatatu, iko pale Ijumaa. Mnyama wa hivyo hutafuna nondo, hujificha hata saa zake za kutoka, hupunguza kula, na aliyekuwa mpole huanza kuuma vidole. Jike aliyezaa akisumbuliwa anaweza kula watoto wake mwenyewe. Mtoto atasema hamsta wangu amekuwa mkali siku hizi, na hakuna atakayelihusisha na sanduku la kioo lililo upande wa pili wa kitanda.

Nyoka naye hapati raha, ingawa huyu ni nadra kuonewa huruma. Chakula ananusa saa zote na hakifiki. Anazunguka, anasugua pua kwenye kioo na wavu mpaka inachubuka. Na kwa kuwa wote wawili ni wanyama wa usiku, mambo haya yanatokea mtoto akiwa amelala fofofo.

Mkono wa mtoto

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la wanyama peke yao. Nyoka wa kufugwa akiuma, mara nyingi hana hasira. Amekosea tu. Chatu ana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto. Kitu chenye joto na kinachonuka panya, kwake ni panya. Mtoto aliyetoka kumbembeleza hamsta akaingiza mkono kwenye sanduku la nyoka amepeleka mambo yote mawili kwa pamoja. Jeraha lenyewe kwa kawaida ni dogo, alama za meno madogo na damu kidogo, lakini kilio chake kitasikika ghorofa ya chini.

Kubwa zaidi ni bakteria wa salmonela. Nyoka anaweza kuwabeba tumboni huku akionekana mzima kabisa. Ndiyo maana mamlaka za afya za Marekani zinashauri watoto wa chini ya miaka 5, wazee wa zaidi ya 65 na wenye kinga dhaifu wasishike nyoka wala vifaa vyake. Kwa hiyo kama kwenye chumba hicho analala pia mdogo wake wa miaka 3, mjadala umekwisha. Panya wa barafu wanaouzwa kama chakula cha nyoka nao wamewahi kuhusishwa na milipuko ya ugonjwa huo Marekani na Uingereza. Friza haiui bakteria hao.

Hamsta si malaika pia. Panya wa kufugwa wanaweza kubeba virusi vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni, hivyo mama mjamzito asisafishe kizimba hicho. Aachie wengine.

Kuna picha ambayo mtoto huenda akaitoa kwenye simu kama ushahidi wake. Ni kweli ilitokea. Mwaka 2006 bustani moja ya wanyama mjini Tokyo ilipata sifa dunia nzima kwa nyoka aitwaye Aochan, aliyekataa kumla hamsta aliyewekewa awe chakula. Hamsta huyo alipewa jina Gohan, yaani mlo, na wakaonekana wamelala pamoja. Watu walifurahi, na picha inapendeza. Lakini nyoka anaweza kukaa wiki nyingi bila kula, hasa kukiwa na baridi au akikaribia kujivua gamba, na kukosa hamu ya kula hakumfanyi kuwa rafiki.

Kama nyumba ina vyumba vya kutosha, hamsta aende sebuleni au korido, mlango wa chumba cha nyoka ufungwe. Sanduku la nyoka liwe na lachi pande zote, na joto lidhibitiwe kwa themostati. Mtoto anawe mikono kwa sabuni kila anapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine; kufuta kwenye suruali hakutoshi. Nguo aliyomshikia nyoka asimshikie hamsta. Chakula cha nyoka kitolewe kwa koleo ndefu, panya awe ameshakufa, maana panya hai akiachwa humo humng'ata nyoka na kumjeruhi vibaya. Maji ya sanduku yasimwagwe kwenye sinki la jikoni wala kwenye beseni anakoogeshewa mtoto mchanga.

Nyumba ikiwa ya chumba kimoja cha watoto, kusubiri ndiyo njia yenye akili. Hamsta huishi miaka 2 mpaka 3. Nyoka anaweza kufika 20 na kupita. Mtoto wa miaka 11 anayemtaka leo atakuwa na 31, pengine na watoto wake, na nyoka bado yupo kwa nani? Kwa bibi yao. Swali hilo liulizwe mapema.

Liulizwe pia jingine ambalo wazazi wengi hulikwepa: je, mtoto anayempenda hamsta ataweza, kila wiki au kila siku kumi, kuyeyusha panya kwenye maji ya moto na kumpa nyoka? Wapo wanaoweza bila shida. Wapo wanaolia. Na hamsta akifa azikwe. Asigeuzwe kitoweo cha nyoka, kwa kuwa ugonjwa uliomuua haujulikani, na kwa kuwa mtoto anaangalia.

Kwa walioko nyumbani, habari ni tofauti. Tanzania, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na Kenya, chini ya ile ya mwaka 2013, nyoka ni mnyamapori na kumfuga bila kibali ni kosa. Familia inayorudi likizo isidhani itampakia chatu kwenye begi: kumvusha mpaka kunahitaji vibali vya kimataifa, hata kama alizaliwa dukani. Mpango wa nani atabaki akimlisha ufanywe kabla ya kukata tiketi.