Manjano, mlonge na panya wa maabara

Wiki iliyopita dada yangu alinitumia picha akiwa Magogoni, kwenye foleni ya kivuko cha kwenda Kigamboni. Mapajani ana pakiti mbili alizonunua Kariakoo: unga wa manjano na unga wa mlonge. Ujumbe wa sauti ukafuata: "Mdogo wangu, niangalizie huko Leicester. Muuzaji anasema wazungu wamethibitisha hivi vinatibu usonji." Mpwa wangu ana miaka sita, bado haongei, na anatumia dawa za kifafa.

Shikamoo dada. Muuzaji hakutunga yote. Utafiti upo, ila aliyetibiwa alikuwa panya.

Na panya huyo usonji wake ametengenezewa. Njia iliyozoeleka ni kumdunga panya mwenye mimba dawa ya kifafa iitwayo valproeti, siku ya 12 au 13 ya mimba. (Kwa binadamu nako, utafiti mkubwa wa Denmark wa mwaka 2013 ulionyesha kuwa dawa hiyo ikitumiwa na mjamzito huongeza uwezekano wa mtoto kuwa na usonji.) Watoto wa panya wakikua, mmojammoja huwekwa kwenye sanduku la vyumba vitatu. Upande huu kuna panya mgeni ndani ya kitundu cha waya, upande ule kitundu kitupu. Mtafiti anahesabu sekunde: amekaa wapi zaidi? Kisha anahesabu gololi alizofukia kwenye maranda, na muda aliotumia kujilambalamba. Usonji wa maabara ndio huo, sekunde na gololi. Kuongea hakumo.

Mimea inaingiaje? Seli zikiunguza chakula hutoa masalia makali yanayoushambulia mwili, mithili ya kutu inavyokula mabati pale feri. Mwili una kinga yake, mojawapo ni glutathioni. Mwaka 2004 Jill James na wenzake wa Arkansas walipima damu ya watoto 20 wenye usonji, wakakuta glutathioni iko chini. Hapo antioksidanti za mimea zikapata soko maabara: kurkumini ya manjano, resveratroli ya zabibu, majani ya chai ya kijani. Panya waliopewa wakaanza kukaa na wenzao.

Mimi hapo huguna. Valproeti yenyewe huzidisha ile kutu. Ukimwaga maji sakafuni kisha ukayakausha kwa tambara, umejua tambara linafyonza maji. Paa linalovuja hujaligusa. Na mapaa, yaani vyanzo vya usonji, ni mengi. Mwaka 2006 Raymond Mankoski na wenzake waliandika kuhusu watoto 20 wa Tanzania. Kati yao 14 walitimiza vigezo vya usonji. Watatu walikuwa wakikua vizuri mpaka walipougua malaria kali, lakini saba hawakuonekana kuwa na uhusiano wowote na malaria.

Halafu dozi. Panya wa India kwenye utafiti wa mwaka 2015 walipewa kurkumini hadi miligramu 200 kwa kila kilo ya uzito. Ukiigeuza kuwa ya binadamu kwa kugawanya kwa sita hivi, mtoto wa kilo 20 anahitaji kama miligramu 650. Kurkumini ni kama asilimia 3 tu ya manjano, kwa hiyo ni vijiko saba vya chai kila siku! Na nyingi hupita tumboni bila kuingia kwenye damu. Wengine huongeza pilipili manga ili iingie. Dada, hiyo usiithubutu: pilipili manga huweza kupandisha kiwango cha fenitoini, dawa ya kifafa, kwenye damu.

Mlonge nao ni ndugu wa mbali wa brokoli, na kemikali zao zinakaribiana. Sulforafani ya brokoli angalau ilifika kwa watu: mwaka 2014, kati ya vijana wa kiume 44 huko Marekani, waliopewa walionekana kupata nafuu, na walipoacha nafuu ikapungua. Ilipojaribiwa baadaye kwa watoto wadogo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 hayakuonyesha tofauti ya maana kwenye kipimo kikuu.

Nilimwambia azibebe pakiti zote mbili siku ya kliniki, daktari azione pamoja na dawa za mtoto. Akanyamaza kidogo, nikasikia honi ya kivuko. "Haya, mlonge utangoja. Manjano naungia samaki wangu leo."