Je, Wajua? Mafia hadi Bukoba kwa Ndege

Je, wajua kwamba kutoka kiwanja cha ndege cha Mafia, pale Kilindoni, hadi kiwanja cha Bukoba ni kama kilomita 1,135 za angani? Unaondoka Bahari ya Hindi, unatua ukingoni mwa Ziwa Viktoria, na bado hujatoka Tanzania.

Je, wajua kwamba ramani imewapendelea wasafiri wa njia hii? Weka rula kutoka Mafia hadi Bukoba: Dar es Salaam na Mwanza zinakaribia kuangukia kwenye mstari huohuo. Mafia hadi Dar ni kilomita 126 hivi, Dar hadi Mwanza 850, Mwanza hadi Bukoba 175. Jumla ni 1,151. Ukipitia miji yote miwili umeongeza kilomita 16 tu, ambazo ndege ya kilomita 600 kwa saa huzimaliza chini ya dakika mbili! Sijui njia nyingine nchini yenye bahati kama hiyo.

Muda je? Cessna Caravan, yenye injini moja na abiria wasiozidi 13 hivi, huvuka kutoka Mafia hadi Dar kwa kama nusu saa. Kutoka Dar, ile ndege ya pangaboi ambayo wengi huiita Bombardier, yenye viti 76, huhitaji chini kidogo ya saa mbili kufika Bukoba isipotua njiani. Kwa hiyo muda wa kuwa hewani haufiki saa tatu. Siku nzima huliwa na kusubiri Dar, na ndege ya kwanza ikichelewa, utatafuta pa kulala mjini.

Je, wajua kwamba Caravan ingeenda yenyewe moja kwa moja, kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa, ingetumia karibu saa nne?

Bukoba iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mafia ni mita chache tu. Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege yenye uzito uleule huhitaji kukimbia zaidi kabla ya kupaa. Na njia ya kurukia ya Bukoba upande mmoja inaishia karibu na maji. Tarehe 6 Novemba 2022, katika hali mbaya ya hewa, ndege yenye watu 43 iliangukia ziwani ikikaribia kutua. Watu 19 walifariki, 24 wakaokoka, na wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kuokoa. Wavuvi hao wanastahili kukumbukwa kila kiwanja hicho kinapotajwa.

Je, wajua kwamba saa za ukutani ni zilezile, ila jua hufika utosini Mafia dakika 31 kabla ya Bukoba? Kila digrii moja ya longitudo ni dakika nne, na hapa kuna karibu digrii nane.

Mwisho, mizigo. Ndege ndogo za Mafia kwa kawaida huruhusu kilo 15, pungufu ya zile kubwa. Anayetoka Bukoba na kahawa na senene za ndugu wa kisiwani apime kwa kipimo hicho kidogo tangu nyumbani.