Vitabu Vipo, Katalogi Haipo

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 28 Oktoba 2023, saa saba na nusu, data nyingi isivyo kawaida ilitoka kwenye mitambo ya Maktaba ya Taifa ya Uingereza iliyoko London: gigabaiti 440. Asubuhi wafanyakazi walipojaribu kuingia kwenye kompyuta zao walikuta hakuna kinachofunguka. Tovuti ilikuwa imezimika, simu hazifanyi kazi, intaneti ya wageni haipo. Na katalogi, yaani ule mfumo unaomwambia msomaji maktaba ina nini na kiko wapi, ilikuwa imetoweka.

Hakuna kitabu hata kimoja kilichoibwa. Milango ya jengo la Maktaba huko St Pancras, London, iliendelea kufunguliwa, wasomaji waliingia na kukaa vitini kama kawaida. Hata hivyo, kwa muda wa miezi kadhaa, sehemu kubwa ya hazina ile ilikuwa haifikiki. Ndiyo maana mkasa huu unawahusu wakutubi kuliko mafundi wa kompyuta, ingawa mafundi ndio walioandika mengi zaidi kuuhusu.

Maktaba ya taifa si maktaba ya mtaa. Humo huzunguki ukipapasa vitabu rafuni mpaka upate unachokipenda. Uingereza ina sheria inayomlazimu kila mchapishaji kuipelekea maktaba hii nakala moja ya kila anachokichapa. Utaratibu huo una mizizi katika karne ya 17, na tangu 2013 umeongezewa machapisho ya kidijitali pamoja na tovuti. Matokeo yake ni mkusanyo wa vitu takribani milioni 170: vitabu, magazeti, ramani, miswada, stempu, sauti zilizorekodiwa. Karibu vyote vimefungiwa ghalani. Msomaji hutafuta kwenye katalogi, huagiza, kisha huletewa mezani. Asipojua namba ya kuagizia, hana njia.

Wahalifu wenyewe ni kundi linalojiita Rhysida, jina la kisayansi la aina ya tandu. Walidai bitikoini 20, ambazo kwa bei ya siku zile zilikaribia pauni 600,000. Maktaba ilikataa kulipa, kwa sababu msimamo wa serikali ya Uingereza ni kwamba taasisi za umma zisiwalipe watekaji data. Mwezi Novemba wahalifu wakazinadi data hizo, kisha wakamwaga mtandaoni karibu gigabaiti 600. Nyingi zilihusu wafanyakazi, na nyingine wasomaji. Namna walivyochagua cha kuiba inasema mengi. Walinakili mafaili ya idara za fedha, teknolojia na utumishi, kisha wakapekua kwingineko kwa kutafuta maneno kama “pasipoti” na “siri”. Miswada ya karne nyingi haikuwashughulisha hata kidogo.

Mwezi Machi 2024 Maktaba ilichapisha ripoti yake yenyewe kuhusu kilichotokea, tena bila kumung’unya maneno. Taasisi nyingi zikidukuliwa hujificha nyuma ya tamko la mistari minne. Hii ilikubali kujianika ili wengine wajifunze, na kwa hilo wakutubi duniani kote wanawiwa. Ripoti inaeleza kwamba, kwa inavyoelekea, wadukuzi walipitia kwenye seva iliyowekwa Februari 2020 ili washirika wa nje na wasimamizi wa mitambo waweze kuingia wakiwa mbali. Muda mfupi baadaye janga la Uviko likaufanya mlango huo utumike zaidi. Ulikuwa na nywila tu. Ule uthibitisho wa hatua ya pili, kama namba inayotumwa kwenye simu unapotaka kutoa pesa, ulikuwa umewekwa kwenye huduma nyingine lakini si hapo, kwa sababu za gharama na usumbufu. Siku tatu kabla ya balaa kulikuwa na dalili za mtu kuingia. Msimamizi wa usalama alipata tahadhari usiku ule, akachunguza, akazuia kilichoonekana cha hatari, lakini hakuna kilichothibitika zaidi.

Lakini la kuumiza kichwa zaidi ni kilichofuata. Maktaba ilikuwa na nakala salama za akiba: picha za kidijitali, rekodi za katalogi, kila kitu cha maana. Wahalifu hawakuishia kufunga mafaili kwa msimbo. Waliharibu seva zenyewe ili kuzuia ukarabati na kufuta nyayo zao. Programu nyingi za Maktaba zilikuwa kongwe, baadhi zikiwa zimeachwa na watengenezaji wake, na hazikuweza kurudishwa zilivyokuwa au hazikukubali kukaa kwenye mitambo mipya iliyo salama. Data ilikuwepo, pa kuiwekea hapakuwepo.

Hapa inafaa kwenda Boston Spa, kijiji kilichoko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, ambako Maktaba huhifadhi sehemu kubwa ya mali yake. Kuna ghala lililofunguliwa mwaka 2009 lenye rafu zenye urefu wa kilomita 262, na la pili la magazeti lililojengwa miaka michache baadaye. Hewa ya humo imepunguzwa oksijeni ili moto usiweze kuwaka, kwa hiyo watu hawafanyi kazi humo kwa kawaida. Kreni zinazojiendesha ndizo zinazopita kati ya rafu. Vitu havijapangwa kwa mada wala kwa jina la mwandishi. Vimetiwa katika makasha, na kasha linakaa popote palipo na nafasi inayofaa, kama makontena bandarini Mombasa: bila orodha ya kompyuta, kitabu cha tiba kinaweza kuwa jirani ya jarida la samaki na hakuna binadamu anayejua.

Mpango huo una akili. Unabana nafasi, unapunguza gharama, na unalinda karatasi kuliko ghala lolote la kizamani. Katika maktaba ya kale, katalogi ikiungua, mkutubi mzee bado angeweza kukupeleka kwenye safu ya historia akapapasa mpaka akakipata. Boston Spa hakuna wa kupapasa. Mashine ikinyamaza, mali ya ghalani huko ni kama haipo, ingawa iko kavu, salama na haijaguswa. Ndivyo ilivyokuwa: kwa muda mrefu baada ya shambulio, maagizo kutoka Boston Spa yalisimama, na London kwenyewe wasomaji walirudi kujaza fomu za karatasi, kwa vile vitu tu ambavyo namba zake zilijulikana.

Madhara yalivuka jengo hilo. Machapisho ya kidijitali yanayokusanywa kisheria husomwa katika maktaba sita, zikiwemo za Oxford, Cambridge na Dublin, lakini kwa kupitia mfumo unaoendeshwa na Maktaba ya Taifa. Mfumo ulipolala, zote sita zililala nao. Hifadhi ya tasnifu za uzamivu za Uingereza, ambayo wanafunzi wetu wengi wa vyuo vikuu walikuwa wakiichota bure, nayo ikafungwa.

Nasi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna yetu katika Maktaba hiyo. Kumbukumbu za Ofisi ya India, idara ya Uingereza iliyosimamia India enzi za ukoloni, zimehifadhiwa St Pancras, na humo zimo barua za wawakilishi wa Uingereza Zanzibar tangu 1841, alipofika Atkins Hamerton. Hamerton aliripoti Bombay pia, si London tu, na ndiyo sababu historia ya Unguja imelala katika makabrasha ya India. Mtu asiyekuwa na katalogi hawezi hata kuotea kwamba akaitafute huko.

Tarehe 15 Januari 2024 katalogi kuu ilirudi, rekodi milioni 36, lakini ya kutafutia tu: unaona kitabu kipo, kisha unakiagiza kwa njia za mkono. Mkurugenzi mkuu wa wakati huo, Roly Keating, aliomba radhi hadharani. Huduma nyingine zilirudi moja moja, kwa mwendo wa miaka badala ya wiki.

Maktaba nyingi za vyuo Afrika Mashariki siku hizi zinatumia Koha, programu huria ya kuendeshea maktaba na katalogi yake, isiyo na ada ya leseni. Nikipata nafasi ya kumuuliza mkuu wa maktaba swali moja, simuulizi kama ana nakala za akiba, maana jibu ni ndiyo kila mara. Namuuliza ni lini walizichukua wakazisimamisha kwenye kompyuta tupu, katalogi ikafunguka. Hapo mazungumzo hupungua kasi.

Zipo pia njia za zamani zaidi za kujikinga. Tangu 2004 Maktaba hiyo ya London inaendesha mpango wa kupiga picha kumbukumbu zilizo hatarini duniani, na miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ni miongoni mwa zilizonufaika. Kanuni ya mpango ni kwamba asilia haiondoki kwao. Kinachokwenda London ni picha. Mtafiti aliyeihitaji miswada ile kwa haraka mwezi Novemba 2023, huku mitambo ya Maktaba imelala, angefika mapema zaidi kwa kushuka Mokowe na kupanda boti.