Jino la ziada linalojificha ndani ya mfupa

Ndugu wafanyakazi na ninyi mama wa nyumba, mtu mzima ana meno 32, mtoto mdogo ana meno ya maziwa 20. Lakini watu wengine wanazaliwa na mbegu ya jino moja zaidi. Mara nyingi linakaa juu, nyuma ya meno mawili makubwa ya mbele, na wanaume wanalipata kuliko wanawake. Likikosa njia ya kutoka, linabaki limelala ndani ya mfupa.

Jino lililo ndani ya mfupa limefunikwa na ngozi nyembamba. Maji yakiingia kati ya ngozi hiyo na kichwa cha jino, kunafanyika mfuko unaoitwa kisti. Kisti kinakua polepole, kinasukuma meno na kula mfupa. Mara nyingi hakiumi, na hapo ndipo hatari yake: mtu anatafuta munganga wakati uso umekwisha kuvimba. Taya la chini likibaki jembamba kama ganda la yai, pigo dogo kazini linaweza kulivunja.

Mfanyakazi mmoja alifika kwetu na uvimbe chini ya pua. Alikuwa amekunywa antibiotiki mara tatu; uvimbe ulipunguka, kisha ukarudi. Jirani alimshauri ang'olewe meno ya mbele. Picha ya radio ilionyesha jino dogo lenye ncha, limegeuka juu chini, na mfuko kulizunguka. Meno yake ya mbele yalikuwa mazima. Angeng'olewa bure.

Mwende dispanseri mkiona alama hizi:
– mtoto amefikisha miaka 9 na jino kubwa la mbele halijatoka;
– meno yanaachana au yanapinda bila sababu;
– ufizi au paa la kinywa limevimba, hata bila maumivu;
– usaha unatoka na kurudi mahali pamoja.

Munganga wa meno atahesabu meno na kujaribu kama yako hai, kwa maana jino lililokufa nalo linaleta kisti kwenye mzizi wake, na matunzo yake ni mengine. Kisha atapiga picha ya radio. Dawa ya kunywa inapunguza usaha tu, haiondoi mfuko. Kisti kidogo kinatolewa chote pamoja na lile jino, baada ya sindano ya kuzuia maumivu. Kisti kikubwa kinaweza kufunguliwa mlango kwanza, kioshwe kila siku mpaka kipunguke. Nyama iliyotolewa inapelekwa laboratwari, kwa sababu kuna uvimbe mbaya unaofanana na kisti. Mgonjwa asisahau kurudi kwa picha nyingine: mfupa unajijaza polepole, kwa miezi mingi.

Jambo la mwisho, wazazi mlishike sana. Kisti hakikimbii. Taya la mtoto likivimba haraka, kwa siku au majuma machache, na meno yakianza kutikisika, inaweza kuwa kansa inayoitwa Burkitt. Inapona mara nyingi ikianza kutunzwa mapema. Mpelekeni mtoto hospitali siku ile ile.

Uvimbe wa taya usichanjwe kwa wembe wala kukandwa kwa majani ya moto. Hesabuni meno ya watoto wenu leo jioni, mbele ya taa. Ni kazi ya dakika mbili.