Rimu mpya kwenye gari la zamani: matundu kulingana hakutoshi

Toyota DX za miaka ya 80, pikapu za Datsun 1200, Peugeot 504 na Land Rover za bodi ya aluminiamu bado ni magari ya kazi. Katika eneo la Sigor, Kaunti Ndogo ya Chepalungu, gari la umri huo halihifadhiwi kwa maonyesho. Linatarajiwa kubeba maziwa asubuhi, mbolea na mahindi mchana, na familia Jumapili. Ndiyo maana swali la rimu ni swali la usalama wa barabarani na si la mapambo tu.

Wenye magari haya hubadilisha rimu kwa sababu mbili. Kwanza, tairi za inchi 12 na 13 hazipatikani kwa urahisi kama za inchi 14 na 15. Pili, rimu ya spoti hulipendezesha gari, na hakuna ubaya mtu kulipenda gari lake. Tatizo huanza pale mnunuzi anapohesabu matundu, akayakuta manne kama yake, akalipa.

Rimu isiyofaa haionyeshi kasoro yake mbele ya gereji. Huionyesha kwenye mteremko, gari likiwa na mzigo, nati zikiwa zimeanza kulegea. Na gurudumu linalochomoka halimdhuru dereva peke yake. Hubingirika lenyewe hadi kwa mwendesha bodaboda au mtoto wa shule anayetembea kando ya barabara.

Matundu manne si lazima yawe manne yale yale

Kipimo cha kwanza ni kipenyo cha mduara unaopita katikati ya matundu ya nati, kile mafundi wanachokiita PCD. Kwa rimu ya matundu manne, pima kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya lile linalolitazama. Kwa matundu matano hakuna linalolitazama jingine moja kwa moja, kwa hiyo pima umbali kati ya mawili yaliyo jirani kisha uzidishe kwa 1.7. Land Rover za zamani, kwa mfano, zina milimita 97 kati ya tundu na jirani yake, na hesabu hiyo inakupa 165, kipimo chake halisi.

Hapa ndipo jina la gari linapodanganya. Toyota Corolla ya kizazi cha 70, ile DX inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ina milimita 114.3. Corolla iliyoifuata kuanzia 1983, inayovutwa na magurudumu ya mbele, ina milimita 100, na Probox ya leo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo rimu za Probox, ambazo ni rahisi kupata, haziingii kwenye DX ya zamani hata kama zote ni Toyota. Datsun 1200 nayo ni 114.3. Volkswagen ya mgongo wa kobe ilikuwa na matundu matano kwenye milimita 205 hadi 1967, kisha manne kwenye milimita 130. Peugeot 504 saluni, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975, ina 140, kipimo ambacho ni vigumu kukikuta kwenye magari mengine ya barabara zetu. Mwenye 504 atapata nafuu akitafuta rimu za 504 nyingine kuliko kubahatisha.

Wapo wanaopanua matundu kwa dreli ili rimu iingie. Jambo hili lisifanywe kabisa. Nati hukosa mahali pa kukaa, rimu hucheza kidogo kila gurudumu linapozunguka, na stadi hukatika moja baada ya nyingine.

Tundu la katikati nalo lina maana yake. Kwenye magari mengi ndilo linaloiweka rimu sawasawa juu ya habu. Likiwa dogo kuliko habu, rimu haiingii hadi mwisho. Likiwa kubwa, gari linaweza kutetemeka usukani hata baada ya kubalansi tairi, na dawa yake ni pete ya kujazia nafasi, iliyotengenezwa kwa kipimo.

Rimu ikae wapi ndani ya madigadi

Kipimo kinachosahaulika zaidi ni ofseti: umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaogusana na habu. Huandikwa nyuma ya rimu kwa herufi ET na namba ya milimita. Magari mengi ya zamani yanayosukumwa kwa nyuma yalitengenezewa namba ndogo, ilhali madogo ya siku hizi yanayovutwa kwa mbele mara nyingi hupita 30.

Ukifunga rimu ya namba kubwa kwenye gari la zamani, gurudumu huingia ndani na kusugua springi au vyuma vya usukani. Ukifunga ya namba ndogo kupita kiasi, gurudumu hutokeza nje. Vijana hupenda mwonekano huo, lakini beringi hubeba uzito kwa pembeni na kuisha mapema, usukani huwa mzito, na gari likizama shimoni likiwa limejaa, madigadi hukata tairi.

Ndipo watu hukimbilia spesa. Kipande cha chuma kinachowekwa kati ya habu na rimu bila stadi ndefu zaidi hupunguza sehemu ya stadi inayoshikwa na nati. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike urefu usiopungua unene wa stadi. Kwa stadi ya milimita 12 yenye uzi wa 1.5, hiyo ni mizunguko minane kamili. Hesabu ukiwa umeikaza kwa mkono. Ukipata minne au mitano, rimu hiyo isiondoke gereji. Kanuni hii inahusu hata rimu ya aloi isiyo na spesa, kwa sababu mara nyingi huwa nene kuliko ya chuma mahali pa nati.

Nati: kifaa cha bei ndogo kuliko vyote

Nati za Toyota na za Nissan hufanana kwa macho. Zote ni za milimita 12, lakini uzi wa Toyota ni 1.5 na wa Nissan na Datsun ni 1.25. Nati ya Toyota huanza kuingia kwenye stadi ya Datsun, kisha hukwama. Fundi mwenye haraka akiilazimisha kwa bomba refu, huharibu uzi na kudhani imekaza.

Jambo la pili ni umbo la mahali nati inapokalia. Rimu nyingi hutaka nati yenye ncha ya koni. Aloi nyingi za Toyota zilizotoka kiwandani hutaka nati yenye shingo na washa bapa. Volkswagen ya kobe hutumia bolti yenye ncha ya mviringo kama mpira. Nati ya koni kwenye tundu la washa bapa hugusa ukingo tu. Itakaza leo, na kesho italegea. Anayeuza rimu aulizwe ziko wapi nati zake, na kama hana, gharama ya nati mpya iingie kwenye bei.

Upana, kimo na mzigo

Tairi mpya izunguke karibu sawa na ile ya kiwanda. DX ya tairi 155 R13 ina gurudumu la kimo cha milimita 578 hivi. Tairi 185/60 R14 inatoa kimo hicho hicho, na 195/50 R15 inapungua kwa milimita mbili tu. Lakini 205/65 R15, ambazo ni rahisi kupata, zina karibu milimita 648. Ukiona 80 kwenye mita, gari liko karibu 90. Zaidi ya hapo, breki zile zile za zamani zinalazimika kusimamisha gurudumu kubwa zaidi, na injini ndogo itahema kwenye kila mlima.

Katika hizo mbili zenye kimo sawa, ile ya inchi 14 ndiyo inayofaa huku kwetu. Ukuta mwembamba wa tairi ya inchi 15 hauna cha kupunguza pigo la shimo, na barabara nyingi za vijijini ni za changarawe. Rimu ya chuma ikipigwa hupinda na inaweza kunyooshwa. Aloi ikipigwa inaweza kupasuka, na aloi iliyochomelewa kienyeji imekwisha nguvu pale pale ilipochomelewa. Tena, wakati wa mvua za masika, tairi nyembamba huzama kwenye tope na kushika chini, ilhali pana huelea na kuteleza. Waliotengeneza Land Rover na tairi zake nyembamba hawakukosea.

Kwa pikapu, upo ukaguzi mmoja zaidi. Rimu nyingi za aloi zinazotoka Japani zina herufi zilizosubuliwa ndani ya chuma. JWL ni kipimo cha magari ya abiria, na JWL-T ni cha malori na pikapu. Nyingine huandikwa kabisa uzito wa juu zinaoweza kubeba. Tairi nayo ina namba ya mzigo baada ya saizi: 78 ni kilo 425, 82 ni kilo 475, 88 ni kilo 560, kwa kila tairi. Pikapu ya kubeba mitungi ya maziwa haifai kutembelea rimu na tairi za saluni. Wakati huo huo tazama namba nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi yenye mashimo mazuri lakini ya miaka kumi imeshazeeka.

Sheria na ofisi

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura 403, kinakataza kutumia barabarani gari ambalo hali ya sehemu zake au tairi zake inaweza kuhatarisha watu. Chini ya Ratiba ya Nne ya Katiba ya 2010, barabara za kaunti na vyuo vya ufundi vya mashinani ni jukumu la serikali ya kaunti. Ukaguzi wa magari hufanywa na mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama, NTSA, kwa hiyo ofisi ya wadi haiwezi kukupa cheti cha rimu. Mwenye bima anashauriwa kumjulisha wakala wake kabla ya kubadilisha, maana dai linaweza kupingwa ikiwa gari halifanani tena na lile lililowekewa bima.

Siku ya kufunga

Safisha uso wa habu kwa brashi ya waya hadi kutu iishe, kwani kutu ikisagika baadaye huacha nafasi. Usipake grisi mahali nati inapokalia. Kabla ya kukaza, zungusha gurudumu kwa mkono na ugeuze usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Nati zikazwe kwa mtindo wa kuvuka, si kwa kufuata duara, kwanza kidogo zote, kisha kabisa gari likiwa chini.

Spana ya torki ndiyo chombo cha kazi hii. Toyota ndogo za sasa hutaja Nm 103, na kwa gari lako fuata kitabu chake. Kuikanyagia spana kwa mguu huvuta stadi hadi inyooke, na stadi iliyonyooka haishiki tena. Baada ya kilomita 50 hadi 100 za mwanzo, kaza upya kwa kipimo kile kile, rimu zikiwa zimepoa.

Mwisho, angalia spea. Kama bado ni rimu ya chuma ya zamani, nati za rimu mpya huenda zisiifae. Weka seti ya nati za zamani kwenye mfuko pamoja na jeki, kwa sababu pancha haichagui saa wala mahali.