Kwa wakili wa talaka, swali la kwanza ni mtoto analala wapi

Kuna maneno mawili ambayo ukiishi Nairobi lazima utayasikia: "Tutakutana kortini." Yanasemwa kwenye ngazi za ploti Kawangware, yanasemwa kwenye lifti za apatimenti Kileleshwa, yanatumwa WhatsApp saa nane usiku. Yakishatoka, kila mmoja anaanza kuulizia wakili mkali, yule wa kumnyoosha mwenzake.

Mimi si wakili. Hata chuo niliacha katikati, karo ilipogoma. Lakini watu wa rika langu wameanza kuachana wakiwa na watoto, na wengi wananiuliza kitu kimoja: hawa mawakili wa familia hufanya nini hasa? Nikaketi nikasoma sheria zenyewe na hukumu kadhaa. Nilichoona ni kwamba yule wakili mkali unayemtafuta ndiye anaweza kukuharibia zaidi.

Tuseme umeingia kwenye afisi ya wakili hapo katikati ya jiji. Simu yako imejaa skrinshoti. Unataka kumwonyesha ule mpango wa kando uliofichwa kwa jina la "Fundi wa Stima". Wakili anayejua kazi yake atakuacha umwage ya moyoni, kisha atauliza: mtoto ana miaka mingapi? Saa hii analala wapi? Akiugua, nani humpeleka hospitali? Karo hutoka kwa simu ya nani? Na nyinyi mlioana vipi, cheti kiko?

Utahisi ni kama hakusikii. Anakusikia sana. Anajua kwamba wewe umekuja na hasira moja, lakini kisheria una mambo matatu tofauti: ndoa, mtoto na mali. Kila moja lina sheria yake na ushahidi wake.

Tuanze na ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Waislamu wanaweza kwenda kwa Kadhi. Wengine kesi zao husikizwa na hakimu, na kwa sisi wa Nairobi hiyo mara nyingi ni Milimani, pale Upper Hill. Kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba huwezi kuingia pale useme tu, "Tumechokana, tumekubaliana, tupe talaka." Lazima utoe sababu inayotambuliwa na sheria, kama vile uzinzi, ukatili, kutelekezwa, au ndoa kuvunjika kiasi cha kutorekebishika.

Kwa hivyo ndiyo, zile skrinshoti zinaweza kuwa na kazi. Lakini kazi yake inakaribia kuishia hapo. Mzazi aliyehanya hapotezi mtoto kwa sababu alihanya. Korti itataka kujua kama tabia yake inamdhuru mtoto. Hapa ndipo watu humaliza pesa zao, wakithibitisha kitu ambacho hakimu wa watoto hakuuliza.

Sasa tuje kwa mtoto. Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema mama na baba wana jukumu sawa la kumlea, wawe wameoana au la, na kwamba maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Zamani baba ambaye hakuoa mama ya mtoto angeweza kujitoa kirahisi. Mwaka wa 2013 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya sheria ya zamani vilivyoruhusu hivyo vilikuwa kinyume cha Katiba. Sheria ya Watoto ya 2022 ikaja ikaweka wazi: hakuna mzazi aliye na haki kuliko mwenzake.

Kaka, hiyo inamaanisha kwamba "hatukuoana" haikuondolei mzigo. Dada, inamaanisha pia kwamba "huyu ni mtoto wangu" si jibu la kumfungia baba mlango.

Je, mama huwa anashinda tu? Kwa miaka mingi korti zimeelekea kumwacha mtoto mdogo kwa mamake, isipokuwa kuwe na sababu nzito. Hilo bado lina nguvu, lakini si tikiti ya bure. Korti hutenganisha mambo mawili. Moja ni mtoto anakaa kwa nani siku kwa siku. La pili ni nani ana sauti kwenye maamuzi makubwa: shule, matibabu, dini, kumsafirisha nje ya nchi. Mzazi mmoja anaweza kupewa la kwanza, lakini la pili wakabaki nalo wote wawili.

Na ushahidi wa maana hapa unaboesha kweli. Kadi ya kliniki. Risiti za shule. Taarifa ya M-Pesa inayoonyesha ulikuwa unatuma mara ngapi. Jina la mzazi ambaye mwalimu humpigia mtoto akitapika darasani. Korti inaweza pia kumtuma afisa wa watoto aje aone nyumba, aongee na mtoto, kisha aandike ripoti. Akija kejani kwako Kangemi haangalii kama una sofa mpya. Anaangalia mtoto analala wapi, nani hubaki naye ukienda kazi, na kama anaogopa.

Ndiyo maana wakili mzuri atakukataza mambo fulani mapema. Usimfiche mtoto kwa shangazi yako kijijini. Usimfundishe maneno ya kumwambia afisa. Usimtukane mwenzako mtandaoni, kwa sababu hiyo posti ndiyo itakuwa kiambatisho cha kwanza kwenye kiapo chake. Na usianzishe ile biashara ya "hakuna doh, hakuna mtoto." Matunzo ni haki ya mtoto. Kumwona mzazi wake pia ni haki ya mtoto. Moja haitumiki kulipia nyingine. Baba asiyetuma pesa ashtakiwe kwa hilo, lakini wikendi ya mtoto isikatwe kama stima.

Mali nayo? Wengi wanaamini ukiolewa au ukioa unapata nusu. Pole. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inagawa kulingana na mchango wa kila mmoja. Habari njema ni kwamba mchango si pesa tu: kupika, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia, hata kuwa mwenza nyumbani, vyote vinahesabiwa. Kabla ya hapo tulikuwa tunaazima sheria ya Uingereza ya 1882, na katika kesi maarufu ya Echaria ya 2007, Mahakama ya Rufani ilikataa kwamba mke hupata nusu kwa sababu tu ni mke.

Tarehe 27 Januari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya wawili waliokuwa wakigombania nyumba na vyumba vya kupangisha kule Tassia. Majaji walisema usawa wa wanandoa kwenye Katiba haumaanishi nusu kwa nusu moja kwa moja. Lazima kila mmoja aonyeshe alichochangia. Mke yule alikuwa ameonyesha, na akabaki na nusu yake.

Siku hiyo hiyo mahakama iliamua kesi nyingine, hii ya upande wetu wa Dagoretti. Wawili waliishi pamoja miaka mingi bila cheti, wakawa na ploti na nyumba za kupangisha. Mahakama ilisema haikuwa ndoa, na ikaweka masharti makali kabla ya watu wanaoishi pamoja kuchukuliwa kuwa wameoana. Bado iligawa mali ile, asilimia 70 kwa 30, kwa kuangalia walichoweka. Kama mnaishi "come-we-stay" na mnanunua vitu pamoja, weka risiti zako. Mapenzi hayajakwisha kwa sababu umeweka risiti.

Baada ya haya yote, wakili wa familia aliyekomaa atakuuliza kama mnaweza kuongea. Si kurudiana, kuongea. Sheria inawaruhusu kuandika makubaliano ya malezi na kuyapeleka kortini yasajiliwe. Pia kuna upatanishi unaosimamiwa na mahakama, ulioanza kwa majaribio Milimani mwaka wa 2016. Mpatanishi hukaa nanyi kwenye chumba kisicho na kizimba, na mchakato umepangiwa siku 60. Linganisha na kesi inayoahirishwa hadi mtoto amalize shule ya msingi.

Makubaliano mazuri huandikwa hadi mambo madogo. Ijumaa saa kumi na moja jioni mnakutana wapi, labda pale Junction, na nani anamrudisha Jumapili. Krismasi hii yuko kwa nani na ijayo kwa nani. Sare za shule nani ananunua. Nani anaruhusiwa kumchukua shuleni. Mambo madogo ndiyo huleta vita saa mbili usiku mtoto akiwa ameshika begi katikati yenu.

Lakini kama unapigwa au unatishiwa, usikubali mtu akusukume kwenye meza ya mazungumzo. Sheria ya Kujikinga na Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inakuruhusu kuomba amri ya ulinzi, na wakili makini ataanza na hiyo kabla ya kitu kingine. Piga 1195 kwa msaada. Kwa mtoto aliye hatarini, piga 116.

Ukitafuta wakili, kwanza hakikisha ni wakili. Unakumbuka kelele za 2023 kuhusu jamaa aliyedaiwa kujifanya mmoja wao? Jina la kila wakili aliye na leseni linaweza kukaguliwa kwa Chama cha Mawakili, LSK, ambao wako Gitanga Road, Lavington. Uliza ada, na uiombe kwa maandishi. Anayekuapia siku ya kwanza kwamba "mtoto utapata", toka pole pole.

Na kama huna pesa, usikate tamaa. FIDA Kenya, iliyoanzishwa 1985, iko hapo hapo Lavington na husaidia wanawake bila malipo. Marehemu Judy Thongori, mmoja wa mawakili wa familia waliojulikana zaidi nchini, alifanya kazi huko kabla ya kufungua afisi yake. Kituo cha Sheria, kilichoanza 1973, kiko Kilimani, na hakibagui mwanamume wala mwanamke.

Sasa chukua karatasi. Andika wiki ya mtoto wako kuanzia Jumatatu: anaamshwa na nani, anaogeshwa na nani, anakula nini, nani anamngoja basi la shule likifika geti, nani yuko naye akiota vibaya usiku. Andika ukweli, hata ule unaompa mwenzako alama. Hiyo karatasi ndiyo utakayoanza nayo mbele ya wakili, na kama mna bahati, ndiyo mtakayoanza nayo nyinyi wawili kabla ya kumlipa mtu yeyote.