Tani za Tela Zinazofichwa na Karatasi

Sisi madereva wa semi tunaopita mpaka wa Kobero, kati ya Burundi na Tanzania, hapa Butihinda, tunatembea na karatasi nyingi, na karibu zote zimeandikwa uzito. Lakini uzito huo mara nyingi ni wa mali ya mteja tu.

Chukua kahawa yetu inayokwenda bandari ya Dar es Salaam. Kontena la futi 20 huingia magunia 320 ya kilo 60, yaani tani 19.2. Magunia yenyewe, bila kahawa, ni kama kilo 300. Kontena tupu linapita tani 2. Tela la ekseli tatu ni tani 6 au 7, kichwa tani 9 hivi, na lita 800 za dizeli ni zaidi ya kilo 650. Bado hujahesabu maturubai, minyororo, tairi za akiba na magunia ya mkaa aliyonunua utingo njiani. Unavuta karibu tani 38, na tajiri wa gari anakwambia umebeba 19.

Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Tanzania ilianza kuitumia mwaka 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 18 kwa ekseli mbili za nyuma za kichwa, na 24 kwa ekseli tatu za tela zenye tairi mbilimbili. Jumla ni 50. Kwa hiyo dereva kijana mwenye tani 38 hulala usingizi.

"Mzee, mbona jumla haijazidi?" aliniuliza kijana mmoja wa namna hiyo. Nikamwonyesha kontena lake. Lilikuwa limefungwa mwisho kabisa wa tela refu, karibu tani 22 zikilalia ekseli tatu ambazo tayari zimebeba chuma cha tela. Hapo 24 zimevukwa, gari zima likiwa chini ya kiwango. Na kichwa kikikosa mzigo wa kukikandamiza, tairi za kuvuta huteleza mlimani mvua inaponyesha.

Mizani haimwonei mtu. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka kidogo, madhara kwa lami huongezeka mno: ekseli ya tani 12 huumiza barabara takriban mara mbili ya ekseli ya tani 10. Hata meli, tangu Julai 2016, hazipakii kontena ambalo uzito wake haujathibitishwa.

Mimi hupima gari likiwa tupu, tangi limejaa, na risiti ile naitunza. Nikishapakia, naomba mizani ya kiwanda au ghala, kundi moja la ekseli baada ya jingine, kabla sijatoka getini. Hapo kontena linaweza kusogezwa kwa urahisi. Barabarani ni faini na kushusha mzigo.

Ila faini ni jambo dogo mbele ya mteremko wa Bugarama, unaporudi kutoka bandarini na mzigo wa uzito kama huo. Unatoka juu ya mita 2,000 na kuteremkia Bujumbura, karibu mita 800, kona juu ya kona, baiskeli za ndizi zikiwa pembeni yako. Anayedhani ana tani 19 huanza na gia kubwa, akakanyaga breki mpaka zinapata moto na kuacha kushika. Anayejua ana 38 huingiza gia ndogo akiwa bado juu, anaiachia injini kazi ya kuzuia gari, na breki ya mguu anaiwekea akiba kwa ajili ya kona.